Sindano Tatu, Kisha Basi

Jumapili, Machi 3, 1996

Kalamu ya wino haiandiki ukiwa umelala chali. Wino hukataa kupanda. Nimeligundua hilo leo, baada ya miaka kumi na moja ya kuwafundisha watoto wa kisiwa cha Rusinga kuandika Kiswahili wakiwa wameketi wima kama watu. Kaka yangu Magige ameniletea penseli na daftari jipya, nadhani ni kuniomba radhi, maana ghala lake la kukaushia tumbaku ndilo lililoniangusha.

Nieleze mara moja kisha nisirudie. Nilikuja kwetu Ukuria kwa mazishi ya shangazi. Mazishi yakaisha, tumbaku ilikuwa imeiva, nami sijui kukaa nikiwatazama wenzangu wakifanya kazi. Nikapanda kwenye miti ya ghala kutundika majani. Mti mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa. Sasa niko kitanda cha saba, wodi ya wanawake, hospitali ya misheni hapa Migori, na mfupa mmoja wa mgongo umevunjika. Miguu ipo, naiona. Nikiiagiza isogee inanitii kama mwanafunzi mtoro, yaani ikitaka.

Kinachoniuma zaidi si mgongo. Agosti, mvua ikishakatika, mume wangu Odoyo anatakiwa kuhamia boma lake mwenyewe. Kwa Waluo mtu hahami hivi hivi tu. Hutoka kwa baba yake alfajiri na jogoo, shoka, mtoto wa kiume wa ukoo, na mke wake wa kwanza akiwa amebeba moto. Nyumba husimamishwa siku hiyohiyo, na usiku mnalala humo. Mke wa kwanza, mikayi, asipokuwepo, hakuna boma. Mikayi ni mimi. Miaka tisa nimeishi katika nyumba ndogo karibu na lango la baba mkwe nikingoja kuubeba moto huo, mimi binti wa Kikuria ambaye nusu ya ukoo ule walisema sitamaliza hata msimu mmoja.

Machi 5

Mvua. Bati la wodi limepiga kelele mpaka maombi ya asubuhi hayakusikika. Mungu atakuwa aliyasikia.

Machi 8

Mama mkwe amefika kutoka Rusinga kuniuguza. Ameingia na sufuria mbili, mkeka, gunia dogo la omena, dagaa wa ziwani, na mikono yake ile ya mwanamke aliyebeba magunia kwenye kisiwa cha wavuvi cha Remba nusu ya maisha yake. Jina lake Filister. Jina langu Bhoke, ila yeye hajawahi kulitamka. Mimi kwake ni nyar Kuria, binti wa Kuria.

Alisimama miguuni pangu.

"Nyar Kuria," akasema, "sasa hii mgongo umevunja, nani atabeba moto?"

Hakunisalimu kwanza. Nyamoita wa kitanda cha nane, mama wa makamo aliyekanyagwa mguu na mkokoteni wa ng'ombe, aliguna kwa niaba yangu.

Nyumbani tunazungumza Kiluo, lakini hapa Mama amejiamulia Kiswahili, ili watu wa wodini wasidhani tunawasengenya. Ningependa angalau kidogo tuwasengenye.

Machi 12

Daktari Mayaka amekuja. Ni Mkisii mwembamba, anazunguka hospitali kadhaa, na kila anapofika watu humngoja kama mvua. Ameziangalia picha za mgongo wangu akizielekeza dirishani. Atapasua, atafunga mfupa kwa vyuma viwili ili usisogee na kubana mishipa ya miguu.

Nikamuuliza kama nitatembea. Akasema anatumaini. Nikamwambia mimi ni mwalimu, najua tofauti ya "natumaini" na "ndiyo." Akacheka, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo madaktari hawafanyi.

"Mwalimu, mimi naogopa kitu kimoja kuliko kisu," akasema. "Usaha. Ukiingia kwa vyuma, hautoki kwa urahisi. Inabidi wakati mwingine tutoe vyuma, na mgongo unabaki bila nguzo. Kwa hivyo dawa ya kuzuia utapewa mapema, kabla nikate ngozi."

"Na baadaye?"

"Mbili zaidi, ndani ya siku moja. Basi."

Sindano tatu kwa mgongo mzima. Ng'ombe wa Magige hupewa zaidi akikohoa.

Machi 14

Ni leo, naandika haraka kabla sijaingizwa. Sista Mong'ina amenitia sindano ya kwanza kwenye dripu mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akaangalia saa yake, akamwambia mtu wa ndani, "Imeingia, mnaweza kuanza." Nimemwomba Mungu anirudishe Rusinga nikiwa wima. Sikumwomba kitu kingine. Mama anangoja kulishika daftari hili kifuani kama Biblia, na hajui kusoma.

Machi 16

Niko hai. Nimegeuzwa kama gogo, watu watatu kwa mara moja, mmoja akihesabu. Mgongoni nina jeraha refu lililofunikwa kwa gozi na plasta, na amri ya Sista Mong'ina kwamba asiliguse mtu isipokuwa yeye.

Sindano ya tatu nilipewa jana. Leo hakuna. Nyamoita hapa jirani anadungwa asubuhi na jioni, tena ni mguu tu. Nilimwita Mong'ina nikamuuliza kama wamenisahau.

"Sijakusahau, Mwalimu. Nyamoita ana usaha, anatibiwa. Wewe huna. Unataka nikupe dawa ya ugonjwa gani?"

"Ya kuuzuia usije."

"Hiyo ulipata. Ilikuwa ndani ya damu wakati kisu kinaingia, ndiyo kazi yake. Jeraha sasa imefungwa. Nikiendelea kukupa, nafuga tu wadudu wazoee dawa, na siku tutakayoihitaji itakataa."

Alilisema vizuri, lakini sikuridhika. Jioni nzima nimemlalamikia Mama. Nimemwambia wametunyima dawa, nimemwambia hospitali za siku hizi hutibu nusu na kumwachia Mungu nusu, nimemwambia laiti ningekuwa mke wa mkubwa fulani ningepewa wiki nzima. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akaendelea kumenya. Siku nyingine huwezi kujua kama anasikia.

Machi 17

Mvua. Ndizi.

Machi 22

Odoyo amekuja.

Nimeandika sentensi hiyo na kuitazama. Sikuwa nimemwona tangu Februari. Yeye ni fundi wa mashua, na msimu huu kila mwenye mtumbwi unaovuja anamtaka. Alikuwa na harufu ya mbao mbichi na lami, akasimama pembeni ya kitanda na kofia mkononi kana kwamba amekuja kuomba kazi. Odoyo si mtu wa maneno. Siku aliyonioa alisema maneno manne, na mawili yalikuwa jina la baba yake.

Alikwenda miguuni akanishika kidole gumba cha mguu wa kulia.

"Unasikia?"

Nilisikia. Ngozi yake ngumu, ule ufa wa kidole chake uliotokana na randa. Nilisikia! Nikalia kwa sauti mpaka Nyamoita akalia pia, bila kujua tunalilia nini.

Alikaa mpaka saa za wageni zikaisha. Akanieleza jinsi alivyofyeka pale mahali petu, juu kidogo ya barabara, na kwamba akisimama panapopaswa kuwa mlango anakiona kisiwa cha Takawiri chote. "Asubuhi jua inapiga huko kwanza," akasema. Mimi napajua mahali pale. Nimepita hapo mara ngapi nikitoka shuleni, nikapunguza mwendo nikajifanya kiatu kimeingia mchanga, ili nisimame tu kwenye mlango ambao haujawepo.

Ameondoka na mvua. Mto wangu wa kulalia bado una alama ya kiwiko chake. Nimemwambia Sista asiubadilishe.

Machi 25

Shemeji Elvis, mdogo wake Odoyo, amepita hapa akipeleka omena mpakani Isebania. Kijana mzuri, mchangamfu, lakini mila imemfunga: hawezi kuanzisha boma lake kabla ya kaka yake. Alinisalimu kwa haraka kisha akasimama na Mama ukumbini. Walidhani mvua inawaficha. Nilisikia "Agosti," nikasikia jina la ukoo wa watu wa Mbita, nikasikia "nyako," yaani msichana. Kisha nikasikia Mama akisema polepole kwa Kiluo, "Ngoja kwanza. Ngoja nione mgongo huu."

Basi ndivyo. Wanamtafutia Odoyo mwanamke wa kusimama pale mimi nikilala hapa, na mama mkwe wangu amekaa kando ya kitanda changu kuupima mgongo kama mnunuzi wa mbuzi sokoni.

Baadaye akaja na beseni kunipangusa kama kawaida. Wahudumu wamemzoea, wanamwacha afanye peke yake akishasaidiwa kunigeuza ubavu. Nilihisi maji, kitambaa, kisha kitu kikavu, chepesi, chenye ubaridi. Poda, nadhani, ile anayonipaka mabegani joto lisiniletee vipele. Sikusema ahsante.

Machi 27

Nimesogeza mguu wa kushoto. Sina wa kumwambia ila Nyamoita. Mama nimemnunia.

Machi 28

Nina joto. Chai haina ladha. Mvua imenyesha mchana kutwa, nami nimeota niko kwenye mashua iliyojaa tumbaku.

Jumamosi, Machi 30

Lazima niandike, la sivyo nitapasuka.

Sista Mong'ina ni Msabato, Jumamosi haji kazini. Leo alipita baada ya ibada kutusalimu tu, na gauni lake jeupe na nyimbo bado midomoni. Alifika kitandani pangu akanyamaza katikati ya ubeti. Akavuta pumzi kwa pua.

"Mwalimu, tangu lini una joto hivi?"

Akaenda akanawa, akavaa aproni juu ya gauni la kanisa, akanigeuza na mhudumu. Nilisikia plasta ikibanduliwa.

"Nani amefungua hii?"

Akaniletea gozi la jeraha mbele ya uso wangu nilione. Palikuwa na majimaji ya rangi ya uji, na ndani yake mabonge ya unga wa njano.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alifungua fundo la leso yake, akatoa kopo la Vaseline lisilo na Vaseline, akalisukuma sakafuni mpaka miguuni pa Sista. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi mbili, vile vyekundu na vyeusi vinavyouzwa madukani kimojakimoja, na maganda matupu ya vingine vingi.

Nilisema maneno. Nilisema umekuja kuniua. Nilisema umekaa hapa kuhakikisha sisimami, ili yule msichana wa Mbita apewe moto wangu. Nilisema mbele ya wodi nzima, kwa Kiswahili safi chenye viambishi vyote, ili kila mtu aelewe. Nikamwambia aondoke, nisimwone tena.

Mama alisimama taratibu, akachukua mkeka wake. Mlangoni akageuka, si kwangu, kwa Mong'ina.

"Atapona?" akauliza.

Sista alisema, "Mama, nenda ukae nje kidogo."

Wamemtumia Daktari Mayaka simu Kisii. Nje kunanyesha. Nataka nyumbani. Nataka tu kidole cha Odoyo kwenye mguu wangu, na mguu wenyewe sijui nitaendelea nao mpaka lini.

Aprili 2

Wamenipasua tena jana. Daktari Mayaka aliuosha mgongo wangu ndani kwa maji mengi ya dawa, kama mtu anayesuuza chupa. Usaha ulikuwa umefika karibu na vyuma. Ameviacha. Amesema atavipa nafasi, akasema tena neno lake lile, anatumaini. Safari hii sikumsahihisha.

Nilimuuliza kwa nini unga ule uniumize ilhali nao ni dawa.

"Unga si mbaya kwa ubaya wake," akasema. "Lakini haukutengenezwa wa kumwagia kwa jeraha, na si safi hivyo. Halafu kila wakati alipoinua plasta aliacha mlango wazi. Wadudu wakaingia pamoja nao."

Usaha umepelekwa Kisumu ukachunguzwe ni mdudu gani.

Aprili 5, Ijumaa Kuu

Jibu limerudi kwa mtu wa pikipiki. Mdudu mwenyewe anaicheka dawa ya rangi mbili. Kuna sindano inayomweza, na nitaipata asubuhi na jioni mpaka karibu mwisho wa Mei, labda na zaidi. Nilililia dawa ya wiki nzima, sasa nitashiba. Nyamoita ameruhusiwa kwenda nyumbani, kwa mguu wake ule uliodungwa. Alinibusu kipaji cha uso.

Jumapili, Aprili 7

Pasaka. Kwaya ya hospitali imeimba ukumbini. Nimemwota Odoyo akiranda ubao, na maranda yakianguka meupe, na mimi siwezi kuinama kuyaokota niwashie moto.

Mhudumu anayefua shuka ameniambia jambo. Mama hakuondoka. Yuko kwenye baraza la nyuma wanakolala jamaa za wagonjwa, tangu siku ile niliyomfukuza. Ndiye anayepika uji wangu. Humpa mhudumu na kumwambia aseme ni wa jikoni.

Nilijua, nadhani. Jikoni hapa hawajui kutia ndimu kwenye uji.

Aprili 8

Uji wenye ndimu. Nimemaliza wote.

Aprili 10

Nimemwomba mhudumu amwite.

Alikuja akasimama mlangoni, ameukunja mkeka kwapani, kama mtoto aliyeitwa ofisini. Amekonda. Sikujua nianze wapi, nikaanza pabaya. Nikamuuliza, kwa nini?

"Nilitaka upone mbio," akasema.

"Kwa hivyo ukafungua jeraha?"

"Remba mtu akidungwa na ndoano, mkono yote inavimba, si tunafungua rangi mbili tunamwaga? Tunafunga na kitambaa. Kesho yuko kwa maji. Mimi nimefanya hivyo watu wengi, hata Odoyo, hata baba yake. Hakuna mtu alikufa."

"Mgongo si mkono, Mama. Na Sista alikataza."

"Sista alikataza, ndiyo." Alikaa chini. "Lakini wewe ulilia. Si ni wewe ulisema wamekunyima dawa, wametibu nusu? Nilisikia na masikio yangu. Nikasema, hiyo nusu ingine nitaleta mimi."

Nilitazama bati. Nilikumbuka zile ndizi alizokuwa akimenya.

"Na yule msichana wa Mbita?"

Hapo akakasirika kweli, mara ya kwanza tangu aje. "Huyo ni maneno ya Elvis na wazee. Wanasema nyar Kuria hatasimama, Odoyo apewe mwingine abebe moto. Mimi nilisema ngojeni kwanza nione hii mgongo. Kila siku nafungua naangalia, inakauka, nafurahi. Naongeza kidogo. Nilitaka niwaambie, yeye huyu, amesimama." Akajifuta uso kwa leso. "Mimi niliingia boma yangu na moto mkononi, na nilikuwa na mimba ya huyo Odoyo, natapika njia yote. Mama ya bwana yangu alinishika kiuno hadi tukafika. Sasa mimi nitashika kiuno ya mtu simjui?"

Nilikuwa nimemfikiria vibaya kwa miaka tisa, na wiki hii ya mwisho kwa miaka mingine tisa. Sikuweza kuyasema hayo. Nilimwambia tu uji wake ni mzuri. Akasema jikoni wanajitahidi.

Amelala kwenye mkeka kando ya kitanda usiku huu. Anakoroma, na sijamwamsha.

Aprili 19

Joto limeshuka. Jeraha linatoa maji kidogo, si usaha.

Aprili 24

Mama amekuwa askari. Hakuna anayeukaribia mgongo wangu bila kumwonyesha mikono. Leo amemrudisha mwanafunzi wa uuguzi akanawe tena. Kitanda cha nane yupo msichana aliyepasuliwa tumbo, na bibi yake alileta vidonge kwenye kitambaa. Mama aliviona kabla ya Mong'ina.

"Bibi, peleka hiyo nje," akamwambia. "Mimi nilimwaga hiyo kwa mtoto wangu, na karibu nimzike."

Kwa mtoto wangu, alisema. Nikajifanya nimelala.

Mei 3

Odoyo hajaja. Mvua imebeba daraja dogo huko njiani, wanasema. Nina hamu naye kiasi kwamba jana nilimwomba Magige aniletee kipande cha mbao mbichi. Alileta. Nimekiweka chini ya mto. Si mbao za Odoyo, hizi zinanuka tumbaku.

Mei 9

Hamu. Hakuna kingine cha kuandika.

Mei 18

Mama ameondoka asubuhi kwenda Rusinga. Wazee wanakaa kuamua habari ya Elvis na boma. Aliniaga mara tatu. Alimwachia Mong'ina maagizo marefu kuhusu mgongo wangu, na Mong'ina, aliyemfundisha yote hayo, aliyasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

Nilimwambia Mama kwamba wazee wakiamua vingine nitaelewa. Elvis naye ana haki ya kuanza maisha yake.

"Hutaelewa," akasema. "Hata mimi sitaelewa."

Mei 27

Hakuna habari. Sindano asubuhi, sindano jioni. Mikono yangu imejaa matundu, wanatafuta mishipa miguuni. Miguuni nasikia kila kitu sasa, hata maumivu, na nashukuru.

Mei 31

Daktari Mayaka amekuja. Damu yangu imetulia, jeraha limefunga, picha inaonyesha vyuma vimeshika. Sindano zitaisha wiki ijayo, kisha vidonge. Nimevaa mkanda mgumu wa kiunoni. Nilisimama, nikiwa nimeshikiliwa na watu wawili, kwa muda wa kumwambia, "Daktari, unaonaje?"

"Sasa ni ndiyo," akasema.

Lakini kutembea bila kushika kitu, akasema, si mwaka huu. Mikono yote miwili itakuwa kwenye fremu ya kutembelea, mpaka Krismasi angalau. Mikono yote miwili. Nilimwomba aseme tena. Kisha nikarudi kitandani nikalala nimetazama ukuta, kwa sababu moto wa boma hubebwa kwa mkono, na mke wa kwanza peke yake ndiye anayeubeba, na mimi sina mkono wa kuubebea. Yote haya, nisimame, halafu nishindwe na chungu kidogo cha makaa.

Juni 4

Mvua imepungua. Sasa kila mtu anasema Agosti kana kwamba ni kesho.

Juni 8, Jumamosi

Mama amerudi. Alifika na Odoyo, Odoyo amebeba begani kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Sista Mong'ina alikuwa amepita tena kutoka ibadani, kwa hiyo wote waliona.

Nilimuuliza Mama wazee walisemaje. Alikunywa maji kwanza, polepole, ananijua sina subira.

"Waliuliza moto iko wapi," akasema. "Nikawaambia moto ya hiyo boma iko Migori, imelala kitanda namba saba. Wakiitaka, wangoje. Elvis alinuna. Halafu baba yake akasema, basi, Elvis atangoja. Agosti ikipita, kuna Disemba."

Odoyo alikuwa amekwisha kufungua gunia. Ilikuwa fremu ya kutembelea, lakini si ya hospitali. Ameitengeneza kwa mbao za mashua, zilizorandwa mpaka zikawa laini kama shavu, pembe zimefungwa kwa misumari ya shaba ambayo huitumia kwenye mbao za mashua zinazokaa chini ya maji. Niliishika. Kimo chake kilikuwa changu kabisa, na hajawahi kunipima.

Upande wa mbele, katikati, palikuwa na kulabu ya chuma.

"Hii ya nini?" nikamuuliza.

Odoyo alitazama viatu vyake. Mama ndiye aliyejibu.

"Ya chungu ya moto," akasema. "Mikono yako itashika mbao. Moto itakuwa kwako. Hakuna mtu mwingine ataigusa. Wazee wameiangalia wakasema ni sawa."

Mong'ina, na gauni lake la Sabato, alichukua kikopo cha mpini, akakijaza maji mpaka ukingoni, akakitundika kwenye kulabu. Wakanisimamisha. Mama akanishika kiuno.

Nilitembea mpaka mlangoni mwa wodi. Nje jua lilikuwa limepiga matope, na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameinuka. Ziwa lenyewe halionekani kutoka hapa, liko mbali. Nilisimama hapo muda mrefu nikilitazama hata hivyo, Odoyo nyuma yangu, mkono wa Mama bado kiunoni. Kisha tukageuka tukarudi kitandani, na nilipoangalia kikopo, maji bado yalikuwamo.